Makofi Matatu

Kabla ya kuigusa santuri, Mwalimu alilamba kidole gumba. Alikilamba taratibu, kutoka shinani mpaka ukuchani, kisha akakipitisha kwenye ukingo wa ile sahani nyeusi kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Nilipokuwa mdogo niliona kitendo kile kama ibada. Sasa nikiukumbuka ulimi ule, mweupe katikati, una mafuta ya halwa pembeni, hunijia hamu ya kwenda kunawa mikono.

Sote tulimwita Mwalimu, ingawa sikupata kumwona darasani hata siku moja. Zamani alisomesha jiografia, kisha akaingia wizarani kule Maskati, ndani ya kuta za mji mkongwe, akakaa huko mpaka alipostaafu. Jina la kazi ya kwanza lilimganda. Na yeye akaendelea kulitumikia kwa kutusomesha kitu kimoja tu: historia ya wimbo. Nasema wimbo, sisemi nyimbo. Ulikuwa mmoja.

Sisi tuliozaliwa hapa Omani na wazee waliotoka Unguja hatuna harusi bila ya wimbo ule. Bibi harusi anapoinuka kwenda zake, sauti ya mwanamke wa zamani hujaa ukumbini, nyembamba, yenye mchanga ndani yake, na mama zetu huanza kulia hata kabla ya neno la kwanza:

Nenda mwanangu salama, ukavuke kwa amani,
Sina neno la kusema, nakuweka mwangu ndani.

Shati nimekushonea, vifungo vyote imara,
Baridi ikikujia, uniletee ishara.

Hapo, baina ya beti ya pili na kiitikio cha mwisho, wanawake wote hupiga makofi matatu. Pa, pa, pa. Ndiyo alama yetu. Wake wa kaka zetu kutoka Nizwa na Suri, wasiojua Kiswahili hata cha kuombea maji, hujifunza makofi yale kabla ya kujifunza kupika boko-boko letu. Vijana waliourekodi upya kwa ngoma za kompyuta waliacha nafasi ya makofi. "Desturi," tunawaambia wageni, na tunalitamka neno hilo kwa vifua vilivyotuna.

Katika maisha yangu yote sikumsikia mtu hata mmoja akiuliza kwa nini bibi harusi ashonewe shati.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa Bawshar, mitaa miwili kutoka kwetu, villa ya rangi ya maziwa yaliyolala. Majlisi yake, sebule ya wageni, ilinuka udi, na chini ya udi jasho, na chini ya jasho kitu kitamu kilichoanza kuchacha. Ukutani palikuwa na khanjari ya babu yake ndani ya fremu, na pembeni yake, juu ya kitambaa cha mahameli, nishani ya vita. Alikaa chini ya nishani, daima mahali pamoja, akishona kofia.

Alikuwa fundi hasa wa kofia, hilo siwezi kumnyima. Tundu zake zilikuwa ndogo kama punje za ufuta na zote sawasawa. Huku anashona, anasimulia. Na kila alipofika mahali pa kutia uchungu, mkono ulimtetemeka na sindano ikaanguka kwenye zulia. Basi sote, watu wazima na watoto, mawakili na madaktari wenye dishdasha zilizopigwa pasi zikasimama, tulishuka kwa magoti kuitafuta. Yeye haendelei mpaka ipatikane. Aliketi juu yetu, akitutazama migongo, akitafuna. Mimi nilikuwa hodari wa kuiona sindano ile. "Ah, binti yangu ana macho," alisema, akanitia kipande cha halwa mdomoni kwa vidole vyake mwenyewe. Nilikuwa nikimeza na kufurahi.

Historia ya wimbo, kama alivyoitoa yeye, ilikuwa hivi. Ulikuwa wakati wa vita vikuu vya pili. Unguja hapakuwa na mchele wala nguo, watu walikula muhogo asubuhi na jioni. Palikuwa na ukumbi wa muziki, na madirisha yake yalifunikwa mapazia meusi ili mwanga usionekane na ndege za adui. Kila wiki watu walijazana mle gizani kusikiliza fidla na udi na kuwalilia vijana waliochukuliwa kupelekwa Bama kupigana na Wajapani. Baba yake Mwalimu alikuwa mmoja wa vijana hao. Alikwenda, akapigana, akarudi na nishani. Na huko vitani, chini ya mvua, aliwaza mama yake angemwambia nini siku ya kuagana, akautunga wimbo. Aliporudi akampa mwanamke mmoja wa kukodiwa auimbe.

"Mwanamke gani, Ami?" niliwahi kumuuliza.

"Mwanamke tu," alisema. "Koo. Wimbo hauna mama, binti yangu. Wimbo una baba."

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo, na aliyasema kama mtu anayegawa tende. Watu aliwagawa mafungu mawili, wa kwetu na wa nyumbani. Wa kwetu ni sisi. Wa nyumbani ni wale waliokuwa wakitupikia, kutufulia na kutulea, wakaja nasi, au wazee wao wakabaki kule. "Wa nyumbani" ni neno laini, unaweza kuliambia mtoto. Nililisikia mpaka nikakua bila ya kuliona meno.

Bi Mize alikuwa wa nyumbani. Alilelewa katika nyumba ya babu yake Mwalimu kule Unguja, na bibi yangu alipoolewa nyumba ya jirani akamchukua awe naye. Hawakuachana tena. Walikuja Maskati pamoja, wakazeeka pamoja, na bibi yangu alipofariki Bi Mize ndiye aliyejua ni kanga ipi azikwe nayo kichwani. Alimlea baba yangu, akanilea mimi. Umri wake ulimpita Mwalimu kwa miaka isiyopungua saba, na bado Mwalimu alimwita Mize, kavu, kama unavyomwita paka. Tukienda kumzuru sote, kahawa ilipita kwa vikombe vyeupe vya duara, na cha Bi Mize kilitoka chini ya meza, kikombe kimoja cha peke yake, kimemeguka mdomo. Nilikiona miaka yote. Nilidhani ni kikombe anachokipenda.

Na harusini, Bi Mize hakupiga makofi. Nilipokuwa na miaka sita nilimshika mikono niipigishe kwa nguvu, pa, pa, pa. Akaitoa akaificha chini ya kanga. "Niache mama, inauma," alisema. Nikaamini ni baridi yabisi.

Ningependa kusema kwamba Mwalimu alikuwa mtu mbaya tangu alfajiri mpaka magharibi, nikamaliza. Haikuwa hivyo, na hilo ndilo linalonichefua zaidi. Bibi yangu alipokuwa akisafishwa damu hospitali, mara tatu kila wiki, aliyempeleka ni Mwalimu, kwa gari yake, mwaka mzima, akimsubiri nje kwa saa nne huku anashona kofia. Vitabu vyangu vya mwanzo vya Kiswahili alinipa yeye, kabati zima, wakati wenzangu shuleni walicheka kwamba lugha ile ni ya jikoni. Alinifundisha mizani kwa kugonga goti langu. Nilipomsomea hadithi yangu ya kwanza alilia machozi ya kweli, yakamchuruzika mpaka kwenye ndevu yakachanganyika na halwa. Kila nilichonacho cha uandishi kimepitia mkono ule uliolambwa.

Na wimbo aliupenda. Hakuwa akijisingizia. Sauti ile ilipoanza, uso wake wote ulilegea kama wa mtoto anayelala.

Kuna siku moja kule Ghala, mtaa wa karakana, niliyopaswa kuitilia maanani. Mkono wa gramafoni yake ulilegea, na kijana mmoja wa Kihindi mwenye karakana ya viyoyozi vya magari, fundi wa kila kitu, aliukaza. Mwalimu nilimpeleka mimi. Tukaijaribu santuri pale pale, kati ya matairi na harufu ya grisi. Yule fundi akasikiliza, na ilipofika penye makofi, sindano ya gramafoni ikaruka: tak, tak, tak. Akainamisha kichwa.

"Hii si wimbo, Baba," alimwambia kwa Kiarabu chake cha kazini. "Hii mkwaruzo. Ndugu yangu ana kompyuta, anaweza kusafisha. Labda kuna maneno chini."

Mwalimu aliinyanyua santuri ikiwa bado inazunguka. Aliikumbatia kifuani juu ya dishdasha nyeupe, akaingia garini bila ya kusema asante. Njia nzima mdomo wake ulikuwa ukitafuna na ndani hamna kitu. Nami nikajua tangu siku ile kwamba makofi yetu yanatokana na mkwaruzo. Santuri hii ndiyo pekee iliyofika huku, kanda zote zilinakiliwa kutoka kwake, na simu zikanakili kanda. Wazee wetu walisikia tak, tak, tak, wakaona ndivyo ulivyo, wakaitikia kwa viganja. Nilicheka. Niliona ni jambo zuri kabisa, watu waliopoteza nchi wakaifanya hata kasoro ya sahani kuwa desturi. Nikaliandika.

Hapa ndipo aibu yangu inapoanza. Riwaya yangu ya kwanza ina sura nzima juu ya wimbo. Nimeuweka mle ukumbi wa mapazia meusi, baba mwanajeshi chini ya mvua, nishani, mwanamke wa kukodiwa, makofi matatu. Watu waliisifu sura hiyo kuliko zote. Nikamsomea Bi Mize, kwa sababu yeye hajui kusoma, na kwa sababu nilitaka kusifiwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, yuko jikoni anachambua mchele kwenye ungo. Nilisoma kwa sauti yangu nzuri. Alichambua mpaka nikamaliza. Kisha akaweka ungo chini.

"Basi na wewe umepiga makofi," alisema.

Sikumwelewa. Nikamwambia, "Bi Mize, si desturi yetu?"

"Yenu." Akajifuta mikono. "Ile sauti ya mama'angu."

Nilikaa. Yeye hakukaa. Alisimama amelishika beseni la kuoshea vyombo, akasema akiwa amenipa mgongo, na nilivyomsikia ndivyo ninavyoandika.

"Walipotaka vijana wa vita, nyumba ile ilitoa jina la mtoto wao. Baba yake huyu Mwalimu wako. Jina limeandikwa, khalas, halifutiki. Bwana mkubwa akamwita kaka yangu Feruzi, kamwambia, wewe ndiye fulani kuanzia leo. Kenda Feruzi. Mama akaomba kitambaa amshonee shati, Bama kuna baridi milimani, watu walikuwa wakisema. Bibi mkubwa akasema kitambaa hakuna, vita. Mama akenda ukumbini, alikuwa akifagia pale, akakata lile pazia jeusi la dirishani. Shati la pazia. N'nalikumbuka vifungo vyake, kila kimoja rangi yake."

"Na wimbo?"

"Kautunga mama, huku anashona. Kauimba pale pale ukumbini, na mie n'kikaa chini ya benchi, miguu ya watu mbele yangu. Ilipofika beti ya tatu, miguu yote ikageuka. Ikageukia benchi la mbele, alipokaa bwana mkubwa na mwanawe. Wiki ile ile katufukuza. Feruzi karudi, kifua kimekwisha, kakohoa miezi miwili, kafa. Nishani ikaja baadaye. Ikaja kwa jina lile."

"Beti ya tatu," nilisema.

Akaugeukia ukuta wa jikoni na kuiimba, kwa sauti ndogo, sauti ile ile ya santuri iliyotiwa mchanga:

Jina waliloandika, halikuwa jina lako,
Mwenyewe kapumzika, wenda wewe peke yako.

Akanambia waliokuja kurekodi baada ya vita walimkuta mama yake, akawaimbia beti zote. Baba yake Mwalimu akazunguka maduka yote ya santuri akanunua zote alizoziona, akazivunja. Isipokuwa moja.

"Mie nshazeeka," Bi Mize alisema. "Daktari kanambia moyo umechoka, hanidanganyi. Hilo pekee nalitaka. Beti isikike kwa watu, na mtu aseme aliyekwenda ni Feruzi. Mara moja tu. Halafu nyie endeleeni na makofi yenu."

Nilikwenda kwa Mwalimu alasiri ile ile. Wiki iliyokuwa ikija, siku ya Alkhamisi, alikuwa anamuoza mjukuu wake, na majlisi ilijaa masanduku ya mahari na maua ya plastiki. Alinikaribisha kwa furaha, akanisogezea sinia. Nilikula kipande kimoja. Niliona haya kukataa. Hata siku hiyo niliona haya.

"Ami," nikasema, "beti ya tatu iko wapi?"

"Beti gani?"

Nikaisoma. Sindano yake ikasimama ndani ya tundu.

"Mize kakwambia."

"Bi Mize."

"Mize," alirudia, bila ya hasira. Akavuta uzi. "Basi sikiliza, maana wewe ni mwandishi, utafahamu. Baba yangu alinipa santuri ile mkononi, n'kiwa kijana. Kanambia, ipeleke uani kaivunje. N'kaenda nayo. Sikuweza, wallahi sikuweza. Unaijua ile sauti. N'kachukua sindano ya kofia." Akaiinua baina ya vidole viwili, nyembamba, inang'aa kwa mate. "N'kakuna. Siku mbili nzima. N'nakuna, n'nasikiliza, n'nakuna, n'nasikiliza. Beti ya pili sikuigusa. Kiitikio sikukigusa. Mwengine angeiharibu santuri yote. Mie n'meiokoa."

Akanitazama. Alikuwa akingoja nimsifu. Nasema haki, uso wake ulikuwa uso wa fundi anayeonyesha kofia iliyokamilika, na kwa nukta moja, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuzitazama kazi za mikono, niliwaza: ni kazi safi. Kisha nikainua macho ukutani.

"Na nishani, Ami?"

"Soma jina." Akaonyesha juu kwa kidevu. "Lisome. La nani?"

"La baba yako."

"Khalas."

Nikamweleza ombi la Bi Mize. Nikasema Alkhamisi, ukumbini, wanawake wapo, aiimbe mwenyewe mara moja kabla ya santuri. Nikasema ni mkongwe. Nikasema anaumwa. Nilibembeleza, na kila neno la kubembeleza lilinitoka likinuka.

"Harusi ya mjukuu wangu," alisema, "mjakazi asimame amtukane marehemu baba yangu mbele ya wakwe? Umelewa nini, mwanangu?"

Neno lile sikupata kulisikia kwake hata siku moja. Alikuwa nalo muda wote, chini ya "wa nyumbani", kama kile kikombe chini ya meza. Alilitamka bila ya kupandisha sauti, akalamba kidole, akatia uzi. Halafu mkono ukatetemeka, sindano ikaanguka.

Nikapiga magoti kuitafuta. Ndiyo. Mwili wangu ulishuka peke yake kabla ya akili kusema. Niliiona, nikaiokota, nikampa. "Ana macho huyu," akasema.

Nilifika kwenye gari, nikatapika halwa yake kando ya gurudumu, jua linapiga, magari ya watu wema wa Bawshar yanapita kwenda kununua vitu.

Nimejaribu tangu siku hiyo kumwandika bila ya kinyaa, nikashindwa. Nikimwandika akimpeleka bibi yangu hospitali, naona sindano ya kofia ikipanda na kushuka pale kwenye benchi la kungojea. Nikiandika machozi yake, naonja utamu uliochacha. Na kinyaa hakikomei kwake. Kinanirudia mimi na sura yangu iliyosifiwa, kinaturudia sote na viganja vyetu, maana ukumbi wa watu mia nne kufunika beti moja ni kazi kubwa kuliko ya sindano, na tumeifanya kwa vigelegele.

Nilimwambia Bi Mize amekataa. Siku ya Jumatano asubuhi nikamkuta amevaa, amejitanda kanga mpya, ameshika mkoba.

"Nipeleke kwake."

"Kufanya nini, Bi Mize? Keshasema."

"Harusi yake abaki nayo. Nataka anisikie yeye."

Tulimkuta Mwalimu mahali pake, chini ya nishani. Alikuwa amedhoofika kwa zile siku chache au mimi ndiye niliyeacha kumtazama kwa macho ya zamani. Mashavu yamening'inia, miguu imevimba kwenye soksi. Kofia aliyokuwa akiishona ilikuwa ya bwana harusi. Mjukuu wake, yule wa kuolewa kesho yake, alikuwa akipita na dele la kahawa, mikono imejaa hina, akatusalimu kwa kubusu mkono wa Bi Mize. Mwalimu akakunja uso.

"Mize. Umekuja kutupa mkono wa harusi?"

Kwa kawaida Bi Mize angekaa chini, karibu na mlango. Alivuta kiti, akakaa juu yake, magoti yake mbele ya magoti ya Mwalimu.

"N'mekuja kuimba," alisema.

Na akaanza, beti ya kwanza, beti ya pili. Nilikuwa nimezoea sauti ile itoke kwenye spika, na kuisikia ikitoka kwenye shingo yenye mishipa, mbele yangu, saa nne na nusu asubuhi, kulinitia baridi. Mwalimu alifumba macho. Uso ukamlegea, kama siku zote. Alidhani ataishia pale.

"Jina waliloandika..."

Pa, pa, pa.

Mwalimu amefumbua macho na anapiga makofi. Kofia imemwanguka mapajani. Alipiga kwa nguvu, makofi ya harusi, akimtazama usoni.

Bi Mize akanyamaza. Akangoja kama unavyongoja gari ipite uvuke. Kisha akaanza tena mwanzo wa beti.

"Jina waliloandika, halikuwa..."

Pa, pa, pa. Pa, pa, pa. Hakuhesabu tena tatu. Jasho lilimtoka kwenye paji. Bibi harusi alisimama katikati ya chumba na dele lake, anamtazama babu yake, kwani hakuna anayempigia makofi mgeni mzee usoni.

"Babu?" akasema.

Bi Mize alingoja. Alikuwa na mkono mmoja kifuani, nikaogopa, nikainuka. Akanionyesha kwa kidole nikae. Mara ya tatu alianza kwa sauti ya chini zaidi. Mwalimu aliinua mikono, ikakutana mara moja, ikakutana mara ya pili bila ya kutoa sauti, ikaanguka juu ya mapaja yake ikabaki hapo, imefunguka, inatetemeka. Beti ilipita yote, mpaka mwisho, ikaenda kwenye kiitikio kama njia ambayo haikupata kukatika.

Bibi harusi akaweka dele juu ya meza. Akamimina kahawa katika kikombe cheupe cha duara, kilichokuwa cha kwanza kwenye sinia, akampa Bi Mize kwa mikono miwili, akakaa chini miguuni pake.

"Bibi," alisema, "kumbe lile shati lilikuwa la nani?"

Bi Mize alikunywa kidogo kwanza.

"La Feruzi," alisema. "Kaa vizuri, nkwambie."

Mwalimu alikuwa akipapasa zulia kwa kiganja, huku na huku, baina ya miguu yetu. Sindano ilikuwa imemwanguka. Mimi nilikuwa naiona, inang'aa karibu na kisigino chake. Alisema, "Sindano yangu," na baada ya kitambo akasema tena, "Jamani, sindano yangu." Tulikuwa tunamsikiliza Bi Mize.